Tumbo la Mtoto Si Sufuria

Kindu, upande wa stesheni

Mama yangu,

Pokea salamu za mwanao aliye mbali nawe. Magoti yanaendeleaje tangu mvua ianze? Na baba, kifua kimetulia? Huku sisi ni wazima, na neno hilo safari hii silisemi kwa mazoea. Mjukuu wako Zaina nusura atuponyoke. Hasira yangu naitoa kwako, maana humu ndani nikifungua mdomo naambiwa sina adabu.

Baba Zaina alipandishwa cheo ofisini. Asubuhi anasimama na abakosti yake, koti lile lisilovaliwa na tai, mbele ya wafanyakazi, wanaimba kwamba turudi kwenye mila za babu zetu. Jioni anarudi na kopo la maziwa ya unga. Akasema mke wa shefu hawezi kutoa titi mbele ya watu. Shangazi yake, aliyehamia kwetu eti kunisaidia kulea, akamuunga mkono, wakanishinda wawili.

Chupa ya maziwa hayo ilikuwa inanuka hata ukiichemsha. Chuchu yake ya mpira ilikuwa na utelezi, nikiigusa nafuta vidole kwenye kitenge, na shangazi aliinyonya kwanza kwa mdomo wake wenye ugoro ndipo akamtia mtoto. Tumbo la Zaina likavimba, likawa gumu, akaanza kuharisha maji ya kijani.

Shangazi akasema ni uchafu. Akatoa kimpira chake cha lavema, cha kuoshea tumbo, akachemsha maji na pilipili, akamlaza mtoto mapajani na kumsukumia maji kwa nyuma, kila asubuhi. Beseni alikuwa hafuniki. Aliwapitishia majirani waliokuja kusalimu, akiwaeleza rangi, kama muuza samaki anayesifu samaki wake. Nao wanainama, wanatazama, wanatikisa kichwa, kisha wanakaa kula. Mama, kinyaa kilinijaa, ugali wangu nikauacha sahanini. Mwishowe mtoto akawa analia bila machozi.

Nilimfunga mgongoni nikaenda hospitali bila kuaga. Shangazi akanifuata. Muuguzi, mama mmoja wa Kailo, alimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kwa kukaukiwa maji. Akauliza nani amempiga lavema. Shangazi akajibu kwa kiburi kwamba ni yeye, alikuwa anasafisha.

"Tumbo ya mutoto haiko sufuria, mama," muuguzi akamwambia. "Haisuguliwe."

Akatueleza kwamba ndani ya utumbo wa binadamu wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho, na wengi wao si adui. Wanasaidia kusaga chakula na kuwazibia njia wale wa ugonjwa. Mtoto anawapata kwa mama yake, na maziwa ya titi ndiyo yanayowalisha. Sisi tuliwanyima chakula chao, tukaleta wabaya kwa chupa, kisha tukawafagia wazuri kwa pilipili. Mimi pia akaniambia niache kushindia mkate mweupe na chai ya sukari, nirudie mboga ya sombe, maharagi na muhogo, maana tumbo langu nalo lina vijidudu wake wa kulisha.

Walimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, nami nikawa namweka titini hata lilipokuwa kavu. Maziwa yakarudi kidogo kidogo. Leo anacheka.

Juzi wakubwa wa ofisi walikuja kula kwetu. Zaina akalia, nikatoa titi palepale. Walipoondoka, mume wangu akasema nimemtia haya.

Nikamjibu, "Haya haiuwe muntu. Mutoto njo tulikaribia kuzika."

Akavua abakosti, akaenda kulala. Shangazi amerudi kwake Kampene, na kimpira chake amekibeba.

Nisalimie kaka yangu aliye machimboni kule Kama, na mjomba seremala, na bibi mzaa baba. Mdogo wangu aliyejifungua mpe pole na hongera, umwambie mtoto asipewe kitu ila titi.

Na wewe, mama. Najua kimpira chako cha lavema kinaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Ndicho ulichotulelea sisi sote, na wawili wetu hawakukua. Sisemi ni hicho, Mungu ndiye anayejua. Lakini nilipanga kumleta Zaina kiangazi umshike, na sitamleta mpaka uniandikie kwamba umekitupa chooni. Hata ukilia, mama, sitamleta.

Mwanao anayekupenda,
Sifa