Baba, Mikono Yako Haikurogwa

Shikamoo Baba. Najua hutaitikia, lakini mdomo wangu haujui kuanza nawe kwa neno jingine.

Nimerudi likizo, niko hapa nyumbani Levolosi, chumba cha uani. Mama yuko nje anapepeta mchele, na anayemchekesha mpaka ungo unamponyoka ni Baba Mdogo Idi. Ndiyo, mdogo wako. Kwenye nyumba hii hii.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Asubuhi moja pale gereji Sakina spana ilikudondoka, ukaiokota, ikadondoka tena. Ukacheka, ukasema oili imezidi mikononi. Baadaye nati ulizokuwa ukifungua huku unapiga soga zikakushinda. Ukifika nyumbani unakaa kwanza kizingitini, unapumua, ndipo unavua viatu. Umri ulikuwa umekwenda, Baba. Mimi mziwanda wako nilikukuta tayari una mvi. Lakini ndicho kipindi mabasi ya watu binafsi yalipoanza kujaa barabara ya Nairobi, na Baba Mdogo, uliyemfundisha kazi wewe mwenyewe, akafungua gereji yake ng'ambo ya barabara.

Daktari alisema ni uzee. Shangazi Mwajuma akadakia: "Uzee gani huo unaokuja siku moja na gereji ya mtu?" Basi, ikawa hivyo. Mama akaamini kwamba mdogo wako amekuroga. Wewe hukutamka lolote, ila uliacha kuitikia salamu za mdogo wako, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Siku ya maziko yako Baba Mdogo alisimama nje ya lango la makaburi. Hakutia hata konzi moja ya udongo.

Nilikwenda chuo Dar nikiwa nimebeba mzigo huo.

Halafu siku moja mwalimu wetu wa baiolojia akachora seli ubaoni. Mwili mzima, Baba, umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila moja mna sehemu zenye kazi zake. Iko mitokondria, inayotengeneza nguvu. Kiko kiini, kinachotunza maagizo. Ujanani zinaarifiana muda wote: nguvu ikipungua, mitokondria hupeleka habari, kiini hutoa agizo la kurekebisha. Mtu akizeeka, habari hizo huanza kuchelewa, nyingine hazifiki, nyingine hufika zimevurugika. Uchafu hurundikana, uharibifu haurekebishwi kama zamani, na msuli hulegea polepole. Haya huanza kimya kimya, miaka mingi kabla mtu hajaangusha kitu mkononi.

Miaka mingi kabla, Baba. Kabla ya gereji ya mtu yeyote.

Nilifunika uso kwa daftari nikalia, na mwenzangu wa pembeni akadhani naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimetua mzigo.

Niliporudi likizo iliyotangulia hii, nilimweleza Mama kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Alinisikiliza huku anafua. Nilipomaliza akashika kanga iliyolowa, akaisokota kuikamua. Hayakutoka maji ya maana. Akaitazama mikono yake.

"Na mimi je?" akasema. "Siku hizi kukamua kunanishinda. Kwangu mimi nani kafungua gereji?"

Akacheka. Kisha akalia. Kisha akajifuta uso kwa kanga ile ile mbichi, akaniambia, "Nenda kamwite shemeji yangu."

Nilimkuta Baba Mdogo gerejini kwake, chini ya basi. Nilipomwambia Mama anamwita, hakuuliza kwa nini. Alinawa na sabuni ya unga, akasahau kujifuta, tukaongozana maji yakimchuruzika viwikoni. Mlangoni akasimama. "Shemeji, nipite?" Mama akamjibu kama aliyemuona jana: "Pita, chai inapoa."

Kesho yake alikuja kaburini kwako. Nilimsubiri langoni. Alichuchumaa muda mrefu, na aliporudi alisema tu, "Nimemwambia." Sikumuuliza kakwambia nini. Hayo ni yenu.

Shangazi Mwajuma bado anasema hizo seli zangu hajaziona. Lakini sikukuu ya Idi iliyopita alikula pilau sinia moja na Baba Mdogo, na nyama akamsogezea yeye.

Baba, nyumba imekuwa nyepesi. Nakukumbuka bado, tena sana, ila sasa nakukumbuka bila kumtafuta wa kumchukia.

Siwezi kukuahidi dawa ya uzee. Mwalimu mwenyewe alituambia haipo, na mengi bado hayajulikani. Ninachokuahidi ni hiki: Baba Mdogo naye mvi zimeshamwingia. Siku mikono yake itakapoanza kulegea, hatakuja mtu kumtafutia mchawi nikiwa nimekaa kimya. Nitamshika mkono, nitampeleka hospitali, na nitawaambia wote wasikie kwamba amezeeka, kama ulivyozeeka wewe.

Kwaheri, Baba. Mama ananiita. Chakula kiko tayari, na mdogo wako amesema haanzi kula mpaka nitoke.

Mwanao,
Zaina