Kipande cha Kiangazi Kimekataa Kushuka

Mwanangu Nadine,

Amahoro, mama. Huko Algeria mnatafuta maji kwenye mchanga. Hapa Rumonge maji ya ziwa yamekuja yenyewe. Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana nikikaa nainuka, nikiinuka nakwenda kuangalia mchikichi wa nyuma ya jiko, nikirudi nimesahau nilitaka kusema nini. Barua hii nitaiweka pia kwenye grupu la mtaa. Wasome. Baba yako hana maneno ya kunong'ona.

Unakumbuka siku niliyoleta ile kalkilatrisi, mashine yako ya hesabu? Niliitoa Uvira, kwa Mkongomani aliyeniapia kwamba inaonyesha picha. Nilidhani ni picha za mpira. Wewe uliiwasha, ukabonyeza hapa na pale, halafu ukasema, "Papa, hii inachora grafu." Nikajibu kwamba ndiyo maana nimeinunua. Mtu aliyefika Kigoma, Kalemie na Mpulungu utamwuliza vipi kama anajua grafu?

Wakati huo ulikuwa lise, sekondari, na mwalimu wenu alikuwa amewaanzishia fonksheni za vipande. Mimi shule niliiacha kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla hawajaanza kuchanganya herufi na hesabu, lakini uliponieleza nilielewa haraka kuliko darasa lenu zima, usibishe. Ulisema jambo linalobadilika njiani huwezi kulichora kwa mstari mmoja. Unalikata vipande, na kila kipande unakipa sharti lake kwenye mabano: kianzie wapi, kiishie wapi. Nikakwambia basi tuchore ziwa. Ziwa si ndivyo linavyoishi? Mvua zikianza linapanda, kiangazi kikiingia linateremka.

Tukaanza kupima kwenye ule mchikichi. Kila mwisho wa mwezi mimi naingia majini na brashi, suruali imekunjwa, napaka alama nyekundu pale maji yalipofika, wewe uko juu ya jiwe unapima kwa ile futi ya fundi na kunikemea nisipake alama nene. Kipande cha mvua ulikiandika wewe, kikapanda vizuri. Cha kiangazi nikakataa, nikasema hiki ni changu. Nikabonyeza kwa vidole vyangu vya mawese. Mstari ukashuka, ukashuka, ukapita chini kabisa ukatoka nje ya kioo. Sikungoja uniambie kitu. Nilitoka nikaenda kutangaza mtaani kwamba mashine imeliona ziwa linakauka, na kwamba mimi nitapanda michikichi hadi Kongo. Bi Zuhura wa duka la vitenge akaniuliza kama nitawanunulia samaki viatu, maana watatembea kwa miguu. Ukanikuta pale pale, umeishika kalkilatrisi, ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye baraza lake.

"Papa, umesahau sharti," ukasema. "Kiangazi kinaisha."

Ulipopata burusi ya kwenda kusoma huko Algeria uliniachia mashine, ukasema kwenye mitihani yenu hairuhusiwi, na mimi nimeendelea na kazi. Sijaruka mwezi hata mmoja. Ndiyo maana situlii, mama. Mwaka huu kipande cha mvua kilipanda kwa hasira, halafu cha kiangazi kikatoka kimelala tu, kama mbwa aliyeshiba. Maji hayakurudi nyuma. Alama ya mwezi huu iko juu ya zote tulizopaka pamoja, na jikoni mafiga yamezama. Na mvua bado. Nimeandika kipande kinachofuata, kianzie pale hiki kilipoishia, nikaweka na sharti lake, sikusahau. Mstari unapita dirisha la chumba chako kabla ya Noeli.

Nikaufuta. Nikauandika tena. Ukapita pale pale.

Majirani wote wa chini wameshahama. Nimebaki mimi na bata, na bata wanafurahi. Jana Bi Zuhura, ambaye duka lake lipo juu, upande wa pili wa barabara, alikuja akasimama kwenye ukingo wa maji, ameinua kanga, akaniuliza nangoja nini. Nikaanza na mzaha, nikamwambia mtu wa maana hujenga karibu na bafu. Hakucheka. Basi nikamwambia la moyoni. Kwamba nilitoka hapa nikiwa mgongoni kwa mama yangu, nikarudi nina ndevu. Kwamba kiwanja cha baba nilikikuta na watu ndani, nikavumilia mpaka wakanigawia kipande, na kila tofali la nyumba hii nimelibeba mimi. Nikasema, "Nimekimbia watu, Bi Zuhura. Leo nikimbie maji pia?"

Akatazama ziwa kidogo. "Watu walikufukuza, Baba Nadine. Maji hayakujui hata jina lako."

Nikageuka nikawafokea bata. Tangu jana nazunguka nyumba na maneno yake. Nilidhani nabaki kwa ajili ya baba yangu, kumbe naogopa siku utakayorudi, uteremke njia yetu na mzigo wako, ukute maji peke yake.

Basi nimeamua. Jumamosi vijana wa kanisa wanakuja kushusha mabati, na matofali yatakayopona tutayapandisha. Bi Zuhura amenipa nafasi nyuma ya duka nianze upya. Nimekubali, ila nimemweleza wazi kwamba ni mimi ninayemsaidia yeye, duka bila mwanaume wa kulilinda si duka. Akasema ndiyo, ndiyo, beba godoro.

Kwa hiyo ukija, mama, usishukie kule kwa zamani. Mwambie dereva akuache upande wa mlima, penye vitenge vinavyoning'inia. Hutanitafuta. Nitakuwa nimesimama barabarani, ninapiga kelele.

Murakoze, asante mwanangu, soma vizuri.

Ni mimi baba yako, ambaye miaka yote hii kando ya ziwa hajui kuogelea.