Nilikata Pembe ya Picha

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na kabla ya yote ahsante sana, maana mwaka jana ulimjibu dada yangu habari za mume wake na sasa wanaelewana. Mimi ni mtaalamu wa maabara, nina miaka ishirini na sita, na mwezi uliopita idara yetu ilinituma kwenye kongamano la wanasayansi na kazi moja tu, kuripoti mubashara kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, kila msemaji akisimama mimi natuma picha na mistari miwili mitatu, na Shangazi, nikanogewa, watu wanapenda, watu wanasambaza, bosi ananiandikia "Moto huohuo!", nikajiona ndiyo mimi.

Siku ya pili akapanda mama mmoja anayetafiti fukusi wa nafaka, tunamwita Mama Fukusi, akaonyesha mchoro wa matokeo ya miaka minne ambayo hayajachapishwa popote, na juu kabisa, pembe ya kulia, aliweka alama ya kamera iliyopigwa mstari, yaani picha marufuku. Shangazi, niliiona. Skrini yenyewe imening'inizwa karibu na dari, nani asingeiona? Nikapiga picha, nikaikata ile pembe kwa kidole, nikaposti na maneno "Mmeyaona hapa kwanza!"

Nusu saa haikuisha, wenzake wa utafiti wakampigia simu wakifoka, na kamati ikaniita kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa, wakasema wanaiandikia idara yangu nisikanyage tena kongamano lolote. Nikafuta posti palepale. Mama Fukusi akaingia, akaniangalia, akaiangalia simu yangu, akasema, "Jamani, mwacheni mtoto. Alikaa nyuma, kichwa cha mtu kilimziba, hakuiona alama. Mimi nimeshasamehe." Kisha akaniuliza kama nimekula. Nililia mpaka akanipa leso yake, ninayo mpaka leo.

Sasa ameniandikia, anataka nikafanye kazi kwenye maabara yake na anisimamie shahada ya pili, jibu analitaka Ijumaa. Nampenda yule mama kama mzazi na sijui nimshukuruje, lakini nikikubali nitakuwa mwongo kila asubuhi nikimwamkia, na nikisema ukweli naweza kukosa kila kitu. Rafiki yangu anasema yaliyopita si ndwele. Nifanyeje?

Mkata Pembe

*

Mkata Pembe,

Pole, na nashukuru umeandika, wengine dhamiri yao ilishakufa ganzi. Lakini nitakugombeza kwanza. Alama umeiona, maana yake unaijua, ukaikata. Hiyo si bahati mbaya, bibie, ni uchu wa kushangiliwa. Mtu anahesabu fukusi magunia kwa magunia miaka minne, wewe kwa kidole kimoja unataka uwe wa kwanza! Kutangaza elimu ni kazi nzuri, inatufikia hata sisi tusioalikwa, ila mgeni hafunui sufuria kabla mwenyeji hajapakua. Na rafiki yako mwambie amalizie methali: tugange yajayo. Yajayo ni Ijumaa.

Sasa nisikilize. Barua yako umeisoma mwenyewe? Skrini iko karibu na dari, alama iko juu kabisa, halafu kichwa cha mtu kiizibe? Huyo aliyekaa mbele yako alikuwa twiga? Alama aliiweka yeye kwa mkono wake, na simu yako aliiangalia kabla hajafungua mdomo. Mimi sikuwepo, lakini nakwambia anajua, mwanangu. Alikusitiri huku anajua, na bado amekuandikia.

Usimtumie ujumbe, simu ndiyo iliyokuponza. Nenda ofisini kwake kabla ya Ijumaa, umwambie, "Mama, niliiona alama nikaikata. Nisamehe." Usiongeze sababu. Leso yake uirudishe imefuliwa na kupigwa pasi. Halafu mwombe ruhusa uwaandikie kamati na bosi wako ukweli, maana lile neno la kichwa cha mtu kukuziba alilisema yeye kwa ajili yako na si haki alibebe peke yake. Akikupa kazi, pokea kwa mikono miwili. Asipokupa, shukuru vilevile. Na kuanzia leo, msemaji yeyote muulize kabla hujapiga picha.

Mpaka sasa umekuwa ukimshukuru ukidhani anaamini huna kosa. Nenda ukamshukuru kwa kuwa aliliona kosa lako, na bado akakuuliza kama umekula.

Shangazi