Sheria ya Gesi na Makofi ya Kisegi

Jumatatu, 7 Aprili

Nimebeba tena karai la ngege hadi chumba baridi. Likizo yangu yote inanuka samaki. Chumba ni cha kina mama wa ufuoni, stima yake wanauziwa na jamaa mmoja aliyefunga sola nyuma ya soko. Mama huweka samaki jioni, asubuhi anauza kwa bei yake mwenyewe, si ya madalali. Karo yangu inatoka humo.

Baba mdogo amepita. Kofia mpya, kifua mbele. Eti ameteuliwa mhamasishaji wa mswada wa gesi. Huyu ambaye hajui hata kubadilisha balbu.

Jumanne, 8 Aprili

Aliacha nakala ya mswada mezani, ikawekelewa sufuria. Kiingereza kitupu. Nimeisoma yote. Iliandikwa na mtu ambaye stima haijawahi kumpotea.

Kiini chake: yeyote anayewauzia watu stima lazima aizalishe kwa gesi asilia. Ukitumia kitu kingine, leseni inaenda. Gesi yenyewe hatuna. Itatoka mbali kwa malori, kwenye barabara ambayo mvua ikinyesha hata ng'ombe wanakataa kupita. Na jua, ambalo huja lenyewe bila kualikwa, litakuwa kosa.

Nikamweleza Mama. Jamaa wa sola akifungiwa, chumba baridi kinazima. Aliondoa sufuria juu ya ile nakala. Kisha akasema, "Siku ya baraza la huo mswada utasimama uwaambie, nyathina."

Mtoto wake mimi. Ambaye darasani nikiitwa jina natamani dawati linimeze.

Alhamisi, 10 Aprili

Baraza limekwisha. Najichukia.

Mgeni aliyetumwa kukusanya maoni ya mswada alikuja na miwani nyeusi ambayo hakuivua hata kivulini. Alisema kwa Kiingereza, Baba mdogo akatafsiri. Alitafsiri salamu. Alitafsiri maendeleo. Alipofika kwenye leseni akakohoa, akaomba makofi. Kila kipande, makofi. Huku kwetu mgeni hawezi kumaliza kusema ukamtazama tu hivyohivyo. Ni kumtusi. Kwa hiyo watu wakapiga. Mama akapiga. Mimi niliyesoma kila ukurasa, nikapiga.

Swali lilikuwa mdomoni. Likakwama kama mwiba wa samaki.

Mwishoni mgeni akatabasamu. Kwa makofi haya, akasema, wananchi wa Kisegi wameunga mkono mswada. Akaandika. Wakatugawia soda za moto, na chumba baridi kiko pale pale ng'ambo ya njia. Hawa ndio wanaotufundisha habari za nishati.

Ijumaa, 11 Aprili

Nyumbani kumewaka. Baba mdogo alikuja kujisifu mbele ya Mama na wenzake wa chumba baridi.

"Shemeji, mlipiga makofi mpaka hema likatetemeka. Sasa mnalia nini?"

"Tulimpigia mgeni, hatukuipigia sheria," Mama akamjibu. "Na hicho kikohozi chako kilichokuja pale pale kwenye leseni, kitafutie dawa."

Wakamcheka mpaka akaondoka. Mimi sikucheka. Yeye alificha kifungu kwa kelele, mimi nilikificha kwa kunyamaza, nikakaa pembeni naosha vikombe kama mtu asiye na hatia.

Jumatatu msafara wa mswada uko Uriri. Mama ana dada yake huko, anauza mboga sokoni. Wamepigiana simu jioni yote.

Jumatatu, 14 Aprili

Uriri. Nilienda na Mama. Mgeni yuleyule, miwani ileile. Mtafsiri mwingine, kifua kilekile.

Alipoomba makofi ya kwanza, hema zima likatulia. Wanawake walikuwa wamekalia mikono yao. Akaomba tena. Mzee mmoja akataka kuanza, mkewe akamshika mkono. Sijawahi kuona mtu mzima akiaibishwa hivyo na kimya. Nilifurahia. Acha niandike ukweli: nilifurahia sana.

Akabaki hana la kufanya ila kuuliza kama kuna swali. Dada yake Mama akanifinya. Nikasimama. Nikasoma kile kifungu cha leseni kwa Kiswahili, polepole, sauti ikikatika. Nikauliza, jua limefanya kosa gani?

Alijibu kwa Kiingereza kirefu. Nilikielewa chote, na hakikuwa na kitu ndani. Eti maoni yangu yamepokelewa. Nikamwomba aandike kwamba Uriri haikukubali. Aliandika kitu. Sikuona ni nini.

Halafu nikatapika nyuma ya hema. Mama alinishika nywele.

Alhamisi, 17 Aprili

Hakuna habari. Mswada uko Nairobi. Watakaoupigia kura hawataniuliza tena.

Betri moja ya sola imekufa. Jamaa amesema hanunui nyingine mpaka ajue kama bado ana kazi. Simlaumu. Chumba bado kina ubaridi, kiasi.

Jioni nimemkuta Mama nyuma ya jikoni, amejifunga leso kiunoni, anajenga tanuri la udongo la kukaushia samaki kwa moshi. Nikachota maji, nikaanza kumkandia udongo.