Ziba Pua, Fungua Mdomo

Shaoxing, 8 Aprili 2019

Lanxi,

Wewe mtoto, umepotelea wapi? Siku ya kufagia makaburi nimepanda kilima peke yangu na ufagio. Babu yako akauliza uko wapi, nikamdanganya una mafua. Nimesema uongo kaburini kwa ajili yako! U mzima lakini? Unakula? Mimi magoti yananiuma, mdomo hauumi.

Kusoma sijui, unajua; naiambia simu, yenyewe inaandika, na yako inanisomea. Ikikosea, igombeze yenyewe.

Jana Weicheng, yule jirani yetu mnene, alikuja akakaa jikoni kwangu kama aliyefiwa. Matajiri wa nje waliotaka kutia pesa kwenye kampuni yake walimpigia. Salamu hawakumpa. "Hii umenakili kwa nani?" Nikasema, mijitu gani hiyo? Akasema, "Bibi, wamesoma makala ya Lanxi." Eti umewaandikia kwamba soko lake la mboga la simuni ni nakala ya duka la ng'ambo. Kweli? Mwisho wa mwezi wanaamua, na wakimkataa anafunga.

Bibi yako

*

Beijing, 10 Aprili

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, nakula. Habari za magoti? Nisamehe kwa kaburi la Babu.

Ni kweli, Bibi. Kazi yangu ni kuwajulisha watu wa nje kampuni changa za mtandao za huku kwetu, na mhariri ana sheria moja: kila kampuni nifananishe na ya kwao. Nilibisha. Akasema, "Wasomaji hawana muda wa kujifunza mtaa wenu." Nikikataa, kazi sina. Niombee radhi kwa Weicheng.

Mjukuu wako

*

Shaoxing, 10 Aprili, jioni

Marahaba. Magoti yapo palepale. Radhi kaombe mwenyewe!

Ulipomleta yule rafiki yako wa kaskazini, ambaye hajawahi kuona tofu yetu ya soya inayonuka, ulimwambia ni jibini? Ulimwambia, "Ziba pua, fungua mdomo." Akala bakuli zima, akalamba na vijiti vya kulia.

Basi waambie ilivyo. Majirani wanaagiza kwa simu, asubuhi mzigo unashushwa kizingitini kwangu, na hagusi mtu mpaka nifungue kila kreti mbele ya macho yao. Sheria hiyo ilitoka ng'ambo? Ilitoka hapa, siku Weicheng aliponiletea machipukizi ya mianzi yaliyooza nikamrushia, mtaa mzima ukicheka. Kesho yake akarudi na uvimbe usoni: "Bibi, kuanzia leo mfunguaji ni wewe." Sasa kila mtaa anaouzia una bibi wake mkali. Huyo bibi wa ng'ambo niliyemwiga yuko wapi? Mlete tupimane midomo!

Anayekuita nakala anasema huna mama aliyekuzaa. Mhariri akikutisha, mwambie bibi yako ana chungu cha mboga kavu, na wali haujaisha duniani. Hufi njaa.

Bibi yako

*

Beijing, 29 Aprili

Shikamoo Bibi,

U hali gani? Kimya changu kilikuwa cha kupigana. Niliandika makala upya, mhariri akaitupa. Nikaitoa mwenyewe mtandaoni, kwa jina langu, na picha yako umeshika kreti umenuna. Kiti changu ofisini sasa anakalia mwingine.

Weicheng amenipigia leo. Matajiri wamejitoa wote isipokuwa mama mmoja. Amesema, "Siamui mpaka nimwone huyo bibi." Nimleteje, Bibi? Naogopa.

Mjukuu wako

*

Shaoxing, 30 Aprili

Marahaba, marahaba mara mbili!

Unaogopa nini, na umeshafukuzwa? Mlete. Asinipambie maneno wala asije na zawadi za maboksi. Nitamkalisha kizingitini asubuhi, aone kreti zikifunguliwa na zinazorudishwa. Akiona tumeiga, aende zake, na Weicheng atauza machipukizi kwa kikapu kama baba yake. Kuomba kupendwa, mimi siombi.

Mwambie asile kitu njiani, tofu ipo.

Na wewe, ukishuka kwenye gari moshi, usije kwangu kwanza. Panda kilimani na ufagio, umwambie babu yako mafua yamepona.

Bibi yako