Wanasema Mista Fintan ananyamaza vizuri

Jumamosi, Machi 2013. Saa kumi alasiri. Vumbi tangu asubuhi, maghorofa ya upande wa bahari hayaonekani, na jua limekuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nina jambo nimelificha tangu mwezi wa pili. Naliandika hapa kwa sababu blogu hii anaisoma binamu yangu wa Tanga na watu wengine wawili ambao sijui ni nani.

Kwa hao wawili: nina miaka kumi na sita. Nilisoma kwa Kiswahili mpaka darasa la tano, kisha kwa Kiingereza hapa Doha, na katika lugha zote mbili sina mdomo. Mwalimu wangu wa fasihi, Mwairishi, aliligundua hilo akanipeleka kwenye kundi lao la maigizo. Ni Wairishi watupu, walimu, wauguzi, mainjinia, wanafanya mazoezi kwenye ukumbi wa shule, mtaa wa Abu Hamour. Hawakunipandisha jukwaani. Walinipa kiti nyuma ya pazia na nakala ya mchezo. Kazi yangu ni kushika kitabu: mwigizaji akikwama, namnong'onezea maneno.

Kazi ya mtu asiyeonekana. Niliipenda siku ileile.

Aliyenifundisha ni Mista Fintan, injinia, ndiye mhusika wetu mkuu. Alizaliwa ndani ya kazi hii. Zamani kwao Ireland kulikuwa na kampuni za familia zilizozunguka miji midogo. Jukwaa linabebwa kwenye lori, linafungwa kwenye ukumbi wa parokia, kila siku mchezo mwingine, halafu wanafungasha na kuhamia mji wa pili. Baba yake aliigiza, mama yake alikata tiketi, dada yake Maura alishika kitabu. Televisheni ilipoingia watu wakabaki majumbani kwao. Kampuni ikafa yeye akiwa na miaka kumi na moja, mbao za jukwaa akazinunua mkulima akajengea banda la kuku. Hilo hulisimulia anacheka, lakini macho hayacheki.

Walikuwa na desturi yao, naye ametuletea sisi. Aliyekwama anagusa kifungo cha juu cha koti. Asipogusa, mshika kitabu haruhusiwi kufungua mdomo, maana huenda mtu ananyamaza makusudi. Na ukifungua, maneno mawili ya kwanza tu. Ukimpa zaidi umemwibia.

Mwezi wa pili akaanza kugusa kifungo mara tatu, mara nne kwa siku. Kila alipokwama niliweka alama ya penseli. Kurasa zake zikaanza kuota mvi.

Kisha akaacha kugusa kifungo.

Hapo ndipo nilipoogopa. Anayegusa kifungo anajua amepotea. Yeye alisimama tu akitazama viti vitupu, wenzake wakashika vifua.

"Umeona alivyonyamaza?" muuguzi mmoja alimwambia mwenzake. "Huo ndio uigizaji. Wewe ungeshajaza maneno kama redio."

Wakacheka. Mimi nyuma ya pazia niliweka alama nyingine ya penseli.

Nikavunja desturi. Nikaanza kumpa mstari mzima kabla hajakwama, nikiipenyeza sauti pale anapovuta pumzi. Hakuna anayesikia. Wacha niungame: nimeifanya kazi yangu vizuri mno, mpaka ugonjwa wa mtu hauonekani.

Onyesho ni Alhamisi. Leo, katikati ya sehemu ya pili, akaanza kusema maneno yasiyo ya mchezo huu. Yalimtoka laini, kwa sauti ya kitoto, habari za mama anayengoja barua. Kisha akageukia pazia, akanitazama moja kwa moja.

"Maura, leo ni mchezo gani?"

Wote walicheka, walidhani utani. Nilimpa maneno mawili. Akarudi.

Baada ya mazoezi yeye na mkewe, Bi Nora, hunirudisha nyumbani Al Sadd. Baba alikubali kwa sababu mama huyo yumo garini. Leo, nimekaa nyuma kama siku zote, nikamsikia Bi Nora vizuri kwa mara ya kwanza.

"Kushoto hapa, mpenzi." "Kipilefti cha pili." "Nyekundu, Fintan."

Sauti ya chini, kidogo tu kabla hajahitaji. Miezi minne nimepanda gari hili nikidhani ni mke mwenye maneno mengi.

Kumbe tuko wawili.

Kwenye kipilefti cha mwisho Bi Nora alikuwa ameinama anatafuta simu kwenye mkoba, akachelewa. Mista Fintan akaingia bila kutazama upande wowote. Landkruza nyeupe ikatupita puani, honi mpaka kwenye meno yangu.

"Haraka gani watu hawa," akasema, kwa upole kabisa.

Bi Nora alishuka na mimi mlangoni. Aliniuliza najua tangu lini. Nikasema mwezi wa pili.

"Kazini wakijua, kazi imekwisha, na ikama, kibali chetu cha kuishi hapa, nayo imekwisha," alisema. "Na hili jukwaa ndilo la mwisho kwake. Nipe mpaka Alhamisi, binti. Alhamisi tu."

Nikapanda ngazi mbio.

Mama aliniona uso nilivyoingia. "Wewe na minong'ono yako," akanitania, "iko siku itamponza mtu." Nikapita kwenda chumbani.

Nilimwandikia Bi Nora ujumbe nikaufuta, mara sita. Uliokwenda ni huu: Alhamisi nitashika kitabu. Lakini asiendeshe tena, kuanzia leo. La sivyo namwambia baba.

Jibu la Bi Nora limeingia sasa hivi, nikiwa katikati ya aya iliyopita.

"Nilikuwa naoga. Funguo za gari hazipo mezani. Ametoka peke yake."

Nimelisoma mara tatu. Dirishani sioni hata jengo la jirani.

Baba yuko chumba cha pili. Ni dereva wa hoteli, kila barabara ya mji huu anaijua. Amelala, zamu yake ni usiku, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kumwamsha kabla ya magharibi. Atauliza kwa nini, na nitalazimika kusema yote, tangu penseli ya kwanza.

Naacha kuandika. Naenda kumwamsha.