Usimuue Bibi wa Lango

Nyumbani, chumba cha pasi,
Jumatano, mvua imekatika.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea keti chini, maana nina mengi na wewe husikii vizuri ukiwa umesimama. U mzima? Kile kifua cha baridi kimepona? Unakula, au bado unashindia chai na biskuti kama mfungwa? Sisi hatujambo. Miguu yangu inauma ikitaka. Mdomo hauumi kamwe, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nimeamua kuandika kwa mkono wangu kwa sababu simu yako ina tabia mbaya. Kila nikianza kukugombeza unasema, "Bibi, mtandao unakatika." Nikikusifu haukatiki. Haya, karatasi haikatiki. Mwandiko wangu ni wa darasa la tatu. Ukikuta herufi zimelaliana, zinyooshe mwenyewe, si wewe ndiye msomi?

Kitabu chako cha kwanza tumekimaliza, tena tukakirudia. Mama yako mdogo anakaa juu ya kapu la nguo chafu anasoma kwa sauti, sisi wengine tunapiga pasi nguo za wateja. Pale mwana wa mfalme anapovuka mto kumfuata yule binti wa upande wa adui, na panga zote zinawaka moto wa kijani, chumba kizima kilitulia. Kimya, yule mpiga pasi tuliyempa jina hilo kwa kuwa hajanyamaza tangu azaliwe, siku hiyo alinyamaza kweli. Walipobusiana akasahau mkono. Pasi ikalala juu ya joho la hakimu mpaka tukaona moshi. Sasa joho lina alama mgongoni kama muhuri wa serikali. Hakimu alipokuja nikamweleza ukweli, nikangoja matusi. Akaniuliza, "Kwani walibusiana? Hebu nisomeeni hapo." Akakaa juu ya kapu.

Na yule waziri wako mnafiki, anayecheka na mfalme mchana huku anapanga kuiuza ngome kwa adui! Mwenyekiti wa mtaa wetu amesikia habari zake, amekuja kuuliza kama ni yeye uliyemwandika. Nikamwambia, "Ondoa shaka, waziri wa kitabuni ana akili." Ameondoka bila kuchukua nguo zake.

Babu yako, mume wetu, anataka binti aolewe na jemadari. Anasema mwana wa mfalme hana kazi. Nikamwambia jemadari ana makovu uso mzima. Akasema, "Na mimi nilikuwa na uso gani uliponikubali?" Nikamtupia soksi zake azikunje. Lakini mimi niko upande wa mwana wa mfalme, ingawa anachelewa kusema anachotaka. Wanaume wote ndivyo walivyo.

Sasa tuje kwenye kesi.

Yule ajuza uliyemweka kwenye lango la ngome ya kina binti, funguo shingoni, pini mdomoni, anawatukana askari wale wale anaowashonea vifungo, na hapiti mtu bila kusemwa. Mama yako mdogo alipofika hapo, wote waligeuka wakanitazama. Kimya akaniuliza, "Bibi, kumbe ulipigana vita?" Nikajifanya sijasikia. Baadaye niliusoma ukurasa ule peke yangu, kwa kidole, neno kwa neno. Nikajua hujanisahau. Kama umeambiwa nililia, mama yako mdogo ni mwongo.

Halafu juzi huyo huyo ananipa habari mlizoongea kwenye simu. Kwamba katika kitabu cha pili vita vinarudi, na Bibi wa Lango anauawa kurasa za mwanzo kabisa, ili binti apate uchungu wa kwenda kupigana. Kwamba vita umeshaviandika, njama za waziri umeziandika, hata mapenzi umeyaandika mpaka mwenyewe ukaona haya. Ila kuna mahali kalamu imegoma. Binti anarudi nyumbani baada ya vita, anafika langoni, basi. Unaandika, unafuta. Na huwezi kuja kututembelea mpaka umalize hapo. Mwaka jana pia ilikuwa mpaka umalize kitu. Mwaka wa kabla yake, kitu kingine.

Mjukuu wangu, akili zako umezipeleka kwa nani? Kalamu itaachaje kugoma? Umemuua mfungua mlango, halafu unashangaa mlango haufunguki! Mtoto wa watu ametoka vitani, anabisha hodi, nani aitike? Nani amwambie amekonda, avue viatu nje, akaoge kwanza ndipo azungumze? Unataka apokelewe na ukuta?

Mimi vitabu sivijui. Kungoja ndiko nakujua. Chumba chako kipo, ila tumeegesha humo ile meza ya pasi iliyovunjika mguu. Shuka la kitanda chako nalifua kila Jumamosi. Mama yako mdogo ananicheka, ati nafua shuka lisilolaliwa. Ashughulike na mashuka yake. Mlango wa mbele ukilia nainua kichwa. Ni mteja. Nauliza nguo ngapi, naandika jina, naendelea. Ukilia tena, nainua tena. Shingo yangu haijifunzi.

Na mdogo wako, mtoto wa mama yako mdogo, huyu uliyemwacha akitambaa, sasa anavaa sare ya shule. Majuzi ameniuliza kama wewe ni mtu kweli au uko kitabuni tu. Mimi, ambaye nilikulea tangu marehemu mama yako alipokuacha hujui kushika kijiko, ikabidi nimtafutie picha yako ndipo aamini.

Basi sikia hukumu yangu. Wazee hufa, hilo sikatai, hata mimi sijaandikiana na Mungu. Akifa Bibi wa Lango, sawa. Lakini asife mwanzoni. Afe akiwa ameshamfungulia. Na kama hujui anafunguaje, mkono gani unashika komeo, neno gani linamtoka kwanza, anafoka au analia, hayo huwezi kuyapata kwa kukaa huko na kufikiri. Mimi mwenyewe siyajui, maana hujanipa nafasi ya kuyafanya. Njoo ubishe hodi, tuone wote wawili. Kitabu kitangoja. Nacho kijifunze kungoja, kama mimi.

Babu yako anakusalimu, anakukumbusha jemadari. Mama yako mdogo anakusalimu pia, ingawa ndiye aliyekuchongea. Kimya ameniachia salamu ndefu, nimezikata, karatasi haitoshi. Mdogo wako ananiambia nikuulize kama huko kuna panga za kijani. Nimemwambia atakuuliza mwenyewe, uso kwa uso.

Mungu akukinge na baridi ya huko, akupe watu wema njiani, na akurudishe kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye hata ninapofoka,

Bibi yako,
ambaye hajauawa na mtu.